Diski 26 za kamera ya mkono, kompyuta inasema tupu. Sauti ya mama imo humo, nifanyeje?

#1 BintiKibirizi
Wakuu, habari za saa hizi.

Nina diski ndogo 26, zile za sentimita 8 zinazoingia ndani ya kamera yenyewe. Kamera ni Sony Handycam DCR-DVD105 aliyokuja nayo kaka kutoka Dubai. Tulirekodia kila kitu: harusi yake Ujiji, mahafali ya mdogo wetu, safari ya meli ya Liemba hadi Kasanga, na siku za kawaida tu pale nyumbani Kibirizi. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino "Mama, dagaa, 2007". Humo mama amekaa mchangani na ungo magotini, anachambua dagaa huku anamsimulia mdogo wangu alivyovuka ziwa akiwa msichana. Mama alitutoka mwaka 2015. Picha zake tunazo, sauti yake haipo mahali pengine popote.

Nimenunua draivu ya DVD ya kuchomeka kwa USB. Diski 9 zimefunguka vizuri. Hizi 17 zilizobaki, ya mama ikiwemo, kompyuta inasema ni tupu. Deki ya jirani nayo inazitema. Duka moja mjini wameniambia zimekufa, nizitupe.

Mimi sitaki kuzitupa. Kamera bado ipo, ila betri imekufa na chaja iliungua. Wajuzi naomba msaada.

#2 FundiKatubuka
Dada, usitupe hata moja. Hizo hazijafa, hazijafungwa.

Kamera za aina hii zikirekodi, diski inabaki wazi ili uendelee kuongeza vipande. Ukishamaliza unatakiwa uingie kwenye menyu na kuchagua "Finalize". Hapo kamera inaandika orodha ya kilichomo na kuifunga diski. Bila hiyo orodha, deki na kompyuta haziioni video, zinaona diski tupu. Kamera iliyorekodi ndiyo inayoisoma, kwa sababu yenyewe inajua ilipoishia.

Watu wengi mjini hapa walikuwa hawafinalaizi. Walitazamia kwenye kamera, wakaridhika, wakaweka kabatini. Tafuta adapta ya volti 8.4 inayoingia kwenye hiyo kamera, uiwashe, uone kama inazicheza.

#3 MwanaIpuli
Mwangaluka wakuu. Fundi #2 yuko sahihi nusu. Dada, soma maandishi kwenye diski zenyewe kwanza. Ni DVD-R, DVD-RW au DVD+RW? DVD+RW kwa kawaida husomeka kwenye kompyuta hata bila kufinalaizi. DVD-RW ina njia mbili za kuandika, ya VIDEO na ya VR. Ikiwa kaka alichagua VR, deki nyingi hazitaigusa hata ukiifunga mara mia. Kwenye kompyuta utakuta folda ya DVD_RTAV yenye faili la VRO badala ya folda ya VIDEO_TS tuliyoizoea.

#4 MzeeWaGungu
Poleni na majukumu wanangu. Mimi nasema tatizo ni joto. Nilikuwa na diski kama hizo za harusi ya binti yangu, nikazihifadhi juu ya kabati chini ya bati. Miaka minne baadaye nazitoa, zote kimya. Na zilikuwa zimefungwa, maana tulizitazama kwenye deki siku ya arobaini ya mjukuu. Kile kinachoandikwa kwenye DVD-R ni rangi, na rangi ikipigwa na jua na joto inapauka kama kitenge. Mwanangu, wewe ulizitunza wapi?

#5 ReliYaKati
Hapo unahangaika bure dada. Nunua waya wa FireWire, chomeka kamera kwenye kompyuta, video inaingia yenyewe ikiwa safi kabisa. Nilifanya hivyo na kanda zangu za mwaka 2003.

#6 FundiKatubuka
#5 mkuu, umejibu mwenyewe: kanda. Hiyo ilikuwa kamera ya MiniDV. Kamera za diski hazina tundu la FireWire, zina USB na waya wa AV, ule wa picha na sauti wa kwenye televisheni. Tusimtume dada dukani kununua waya usiokuwa na pa kuingia.

#7 ReliYaKati
Sawa fundi, nimekubali. Nimechanganya.

#8 Mgebuka
Kabla hamjabishana kuhusu joto na kufunga, kuna jaribio halihitaji umeme. Dada, ishike diski kwenye mwanga wa dirishani, upande usio na maandishi, uinamishe kidogo kidogo. Sehemu iliyoandikwa huwa na rangi tofauti na isiyoandikwa. Utaona duara linaanzia karibu na tundu la katikati kwenda nje, na mpaka wake unaonekana wazi kama alama ya maji kwenye sufuria. Duara likiwepo, diski si tupu, hata kompyuta iseme nini.

Kwenye RW duara huwa hafifu, usikate tamaa ukilikosa.

#9 BintiKibirizi
Asanteni sana. Nimekaa mlangoni saa nzima na diski 17.

Kumi na mbili ni DVD-R, tano ni DVD-RW. Za R zote 12 zina duara. Za RW mbili zina duara la kuhisi tu, tatu sioni kitu. Ya mama ni R. Duara lake ni jembamba, halijafika hata nusu ya diski, lakini lipo wakuu. Lipo kabisa! Nimeligeuza mara kumi.

Mzee wangu #4, zilikuwa kwenye kopo la biskuti ndani ya sanduku la nguo. Hazijaona jua, ila joto la Kigoma unalijua.

#10 Mgebuka
Duara jembamba maana yake mama alirekodiwa dakika chache. Diski hiyo ina GB 1.4, na kwa ubora wa kati inabeba dakika 30. Ubora wa juu dakika 20, ubora wa chini 60. Duara lisilofika nusu tukadirie dakika 10 hivi au zaidi kidogo.

#11 MamaAsali
Nimesoma hadi hapa machozi yananilenga. Mimi nipo Tabora, nina za baba yangu akirina asali. Naweka kambi kwenye uzi huu.

#12 MwanaIpuli
Sasa dada sikiliza, kuna jambo watu hawalijui. Diski yenye video kidogo inachukua muda MREFU zaidi kufinalaizi kuliko iliyojaa. Inaweza kuanzia dakika moja hadi masaa. Sababu ni kwamba kamera inajaza sehemu iliyobaki wazi ili deki zisipotee. Hiyo ya mama ndiyo itakayokaa sana. Umeme ukikatika katikati, diski inaweza kuharibika moja kwa moja. Betri iliyokufa haikusaidii hapo. Tafuta betri nzima ya NP-FP50 uiweke, na adapta juu yake.

#13 MzeeWaGungu
Mngekuwepo enzi za majenereta hapa Kigoma. Tulikuwa tunapanga harusi kwa kuuliza kwanza zamu ya umeme. Mpiga video anakuja na taa yake na jenereta lake, na jenereta linaingia kwenye video. Ukisikiliza kaseti ya harusi yangu, kiapo unakisikia kwa mbali, jenereta unalisikia vizuri.

#14 Nyota_ya_Ziwa
😂 Mzee, hiyo ndiyo sauti ya mji wenyewe. Dada, ile ya Liemba imefunguka? Meli ile imezamishwa na Waingereza mwaka 1916 na leo bado tunaizungumzia.

#15 ReliYaKati
Hapa sasa nipo nyumbani, ngoja nirekebishe. Waingereza hawakuizamisha. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916 ili isitekwe, na wakaipaka mitambo grisi kwanza. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwenye makreti, kwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924 na kuirudisha kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Kitu kilichokaa miaka minane chini ya ziwa kikafufuka. Diski ya miaka kumi na kitu ndani ya kopo la biskuti isitutishe.

#16 BintiKibirizi
#15 umenipa nguvu kaka. Ya Liemba ni kati ya zile 9. Sasa hizi 9 nazo zina mambo yake. Nikiingiza kwenye kompyuta naona VTS_01_1.VOB na VTS_01_2.VOB. Kwenye ngoma ya harusi, mikono ya wachezaji ina mistari mistari kama meno ya kitana. Na wimbo mmoja umekatika katikati, nusu faili la kwanza, nusu la pili.

#17 FundiKatubuka
Kukatika: kanuni za DVD haziruhusu faili la VOB lizidi GB 1. Kilichozidi kinahamia faili la pili. Usigeuze moja moja, utapoteza kipande pale kwenye kiungo. Nakili folda nzima ya VIDEO_TS kwenye kompyuta, kisha fungua dirisha la amri humo ndani uandike:

copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB harusi.mpg

VOB ni video ya MPEG-2 ya kawaida, huna haja ya kugeuza chochote hapo.

Mistari: kamera ilirekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, nusu 50 kwa sekunde. Televisheni za zamani zilionyesha hivyo hivyo. Kompyuta inazionyesha nusu zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo mkono uliosogea unaonekana mahali pawili. Kwenye VLC washa "Deinterlace" kwa kutazama. Kwa kuhifadhi, ipitishe kwenye programu ya HandBrake na kichujio hicho hicho.

#18 MwanaIpuli
Hapo kwenye copy /b tunapishana fundi. Mimi iliniharibia. Nilikuwa na diski yenye vipande vingi vifupi, kila mara kamera ilipozimwa saa ya ndani ya video ilianza upya. Nilipounganisha kwa amri hiyo, dakika ya kumi midomo ikaanza kutangulia sauti. Bora programu ya MakeMKV. Inasoma mafaili ya IFO, yaani ile orodha ya kilichomo, inaunganisha kwa mpangilio, haipunguzi ubora.

#19 FundiKatubuka
Nimefanya harusi zaidi ya thelathini kwa copy /b, sauti haijawahi kupishana hata moja.

#20 MwanaIpuli
Harusi zinarekodiwa mfululizo mkuu. Za nyumbani ni washa zima, washa zima.

#21 Nyota_ya_Ziwa
Mimi sauti ilipishana hata kwa MakeMKV. Kwangu shida ilikuwa mikwaruzo: draivu ilishindwa kusoma sehemu fulani, picha zikaruka, sauti ikaendelea. Niliinakili tena kwa kasi ndogo ikatulia.

#22 MamaAsali
Za kuediti mnatumia nini? Nimejaribu DaVinci Resolve ya bure, picha inakuja, sauti haitoki kabisa.

#23 Mgebuka
Mama, sauti ya kamera hizi ni AC-3 ya Dolby. Programu zingine haziielewi. Tumia Shotcut au Kdenlive, zote bure na zinakula MPEG-2 pamoja na sauti yake. Na hakiki mradi wako uwe wa fremu 25 kama kamera ni ya huku au Dubai. Kamera zilizotoka Marekani zina 29.97, ukichanganya bila kujua, mwendo wa watu unakuwa wa kushtukashtuka.

#24 Nyota_ya_Ziwa
Na kama diski ina mikwaruzo, paka dawa ya meno nyeupe upande wa chini, sugua kwa pamba. Ila upande wa jina ukikwaruzika ndio basi tena, data iko hapo hapo chini ya jina.

#25 FundiKatubuka
Hiyo ya jina ni ya CD. Kwenye CD data iko juu kabisa chini ya lebo. DVD ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa, data iko katikati. Upande wa jina una kinga kiasi. Na dawa ya meno kwenye diski ya mama wa mtu nakataa. Maji safi na kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaomshinda msomaji.

#26 Nyota_ya_Ziwa
Mimi ilinisaidia.

#27 BintiKibirizi
Mrejesho wakuu.

Kaka mmoja wa Mwanga, rafiki wa mume wangu, ana adapta na betri kama yangu. Kaniazima. Usiku wa jana nimeiwasha kamera. Nilianza na diski ya mahafali, ikasoma. Kisha nikaweka ya mama. Ilizunguka, ikanguruma, ikazunguka tena. Kwenye kioo kikaja kijipicha kimoja kidogo: ungo. Ungo tu, na vidole vya mama.

Nilibonyeza. Inacheza. Sauti ya ziwa kwanza, halafu yeye. Mdogo wangu anaonekana kivuli tu mchangani. Imecheza dakika kumi na moja, halafu picha ikaganda na kamera ikaandika C:13. Nimejaribu mara tatu, inaganda pale pale, anapoanza kutaja jina la mtumbwi.

Nifinalaizi?

#28 FundiKatubuka
Ndiyo. Hii inathibitisha nilichosema #2. Diski ni nzima, haijafungwa. Ifunge, kisha kompyuta itaisoma yote. C:13 ni kamera kulalamikia diski, mara nyingi uchafu. Ifute kwanza.

#29 MwanaIpuli
USIFINALAIZI. Dada, tafadhali. Kufinalaizi ni kuandika. Unaiambia kamera ya zamani, yenye leza iliyochoka, iandike upya juu ya diski pekee duniani yenye sauti ya mama yako. Ikishindwa katikati, huna tena hata hizi dakika 11. Kwanza nasa kinachoonekana: waya wa AV kutoka kwenye kamera, kidude cha kunasia video cha USB, kompyuta irekodi huku kamera inacheza. Ubora utashuka kidogo, lakini utakuwa nacho mkononi. Kisha programu ya IsoBuster kwenye draivu ya kompyuta, hiyo inajaribu kusoma diski zisizofungwa bila kuandika chochote. Kufunga kuje mwisho kabisa.

#30 MzeeWaGungu
Kijana wa Ipuli kasema neno. Na mimi bado nasema ni joto. Kuganda pale pale mara tatu, hiyo si kutofungwa. Pale rangi imepauka.

#31 Mgebuka
Au alama ya kidole. Au leza ya kamera imechoka. Dada, geuza diski uangalie ukingo wa duara. Kuna doa?

#32 BintiKibirizi
Kuna alama ndogo kama tone lililokauka, ukubwa wa punje ya mtama, karibu na ukingo. Nimefuta kwa maji mara mbili haijatoka. Sijui iko juu au ndani.

#33 FundiKatubuka
Kama iko ndani, mzee kashinda. Kama iko juu, nimeshinda mimi. Lakini sawa, nakubaliana na #29 juu ya mpangilio. Nasa kwanza.

#34 MamaAsali
Dada, nasa hata kwa simu mbele ya kile kioo. Leo hii hii. Baba yangu mimi niliahirisha.

#35 BintiKibirizi
Mama, nilikusikiliza. Nilirekodi kwa simu kwanza usiku ule ule, nikamtumia kaka. Leo mchana nimenasa kwa AV, dakika 11 na sekunde 20, kuna nakala kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye eksteno ya kaka Dar. Zile 9 nimehifadhi VIDEO_TS zake kama zilivyo, sijageuza. Kufinalaizi bado.

Mdogo wangu alikuwa hajui kwamba alikuwepo. Alikuwa na miaka saba. Kwenye dakika ya nne mama anamwambia kaka aliyeshika kamera, "Geuza hicho kidude huko ziwani, mimi unanichukulia nini, kachukue mitumbwi." Na kaka anageuza kweli, kwa hiyo kwa sekunde arobaini tunaona mitumbwi na kumsikia yeye tu. Zamani ningemkasirikia kaka. Leo nimeisikiliza sehemu hiyo zaidi ya zote.

Bado nataka jina la mtumbwi.

#36 MwanaIpuli
Nina draivu ya zamani ya kompyuta ya mezani, LG, inasoma hadi DVD-RAM. Imewahi kunisomea diski tatu zilizogoma kwenye hizi nyembamba za USB. Kuna mtu wangu anapanda treni Ijumaa kuja Kigoma, nampa aje nayo pamoja na IsoBuster kwenye flashi ili usile bando. Usiifunge mpaka ujaribu hiyo.

#37 FundiKatubuka
Ikifika nijulishe, nina kompyuta ya kuichomeka. Na zile RW tatu zisizo na duara uje nazo. Nahisi ni VR.

#38 MzeeWaGungu
Nami nitakuja na zangu za harusi. Mtanionyesha kama ni joto.